Mgonjwa wa moyo akisharudi nyumbani, ni nani amwangaliaye?

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Sahaba Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliugua, na Mtume (S.A.W.) akaenda kumjulia hali. Akamwekea mkono kifuani hata Saad akahisi ubaridi wake umefika moyoni, kisha akambainishia kuwa maradhi yake ni ya moyo na akamwelekeza kwa al-Harith bin Kalada, mtu wa Thaqif aliyejulikana kwa utabibu. Wanachuoni wa Hadithi wana maneno juu ya mlolongo wa mapokezi haya, kwa sababu haikuthibiti kwao kuwa Mujahid alisikia kutoka kwa Saad. Kwa hiyo hatuyajengei hukumu. Lakini mpangilio wa kisa chenyewe unafaa kutazamwa. Kwanza mgonjwa alizuriwa, kisha akashikwa kwa mkono, kisha akapelekwa kwa mwenye ujuzi.

Huku kwetu Kapalamsenga, na katika vijiji vingi vya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, la kwanza tunalitimiza vizuri. Akilala Muislamu mmoja, uwanja wake hujaa watu kabla ya Magharibi. La kumpeleka kwa mjuzi tunalifanya pia, ingawa mara nyingi ni baada ya visomo vitatu na mizizi ya waganga wawili. Jambo ambalo hatulifanyi kabisa ni lile linalokuja baadaye. Mgonjwa ametoka hospitali ya Mpanda, ameshuka kwenye gari, ana mfuko wa vidonge na cheti chenye maandishi yasiyosomeka. Majirani wamekuja, wamemshukuru Allah, wamekwenda zao. Kesho asubuhi yuko peke yake na moyo wake. Makala hii inahusu hiyo kesho asubuhi na zote zinazoifuata.

Maradhi yenyewe madaktari huyaita moyo kushindwa kufanya kazi. Jina hilo huwatisha watu wakadhani moyo umesimama. Haukusimama. Umechoka, unasukuma damu kwa udhaifu, kama bomba la kisima la mkono ambalo mpira wake wa ndani umelika: unapampu mara kumi, maji yanayotoka ni ya mara tatu. Damu isiyosukumwa mbele hurundikana nyuma, na maji yake huvuja mwilini. Yakijaa mapafuni mtu hukosa pumzi akilala chali, akalazimika kuongeza mto wa pili na wa tatu, au kulala ameketi. Yakishuka chini, miguu huvimba. Yakikaa tumboni, tumbo hujaa na hamu ya chakula hutoweka. Wengine husema "moyo mkubwa", wengine "amejaa maji", na wapo wasemao amelishwa kitu. Kauli hii ya mwisho imevunja undugu katika koo nyingi. Mtu anavimba miguu, wanawe wanaanza kumtafuta mbaya wao katika nyumba ya jirani, na mwenye maradhi anakufa huku ugomvi ukiendelea.

Isidhaniwe kuwa haya ni maradhi ya vikongwe au ya matajiri wa mijini. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na zaidi kidogo ya nusu walikuwa wanawake. Huko Ulaya wengi wa wagonjwa wa aina hii wamepita miaka 70. Kwa hiyo sisi tunapatwa tukiwa bado tunalima na bado tunasomesha watoto. Chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu, asilimia 45. Udhaifu wa msuli wenyewe wa moyo ulikuwa asilimia 28, na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza kama maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, asilimia 12. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa pia na upungufu wa damu. Na utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2012, uliochukua wagonjwa 1,006 waliolazwa katika nchi 9 za Afrika zikiwemo jirani zetu Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa karibu 18 kati ya kila 100 walifariki ndani ya miezi 6.

Miezi 6 hiyo haipitiki wodini. Mgonjwa hulazwa siku chache, akapungua maji, akaweza kutembea, akaruhusiwa. Sehemu kubwa ya muda wake anakuwa nyumbani kwake, mbele ya sufuria yake na kitandani kwake. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, ni neema kubwa kwa taifa hili, lakini kutoka kwetu ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na hata anayefika huko hurudi. Mtaalamu wa afya anayeweza kuonana na mgonjwa wa kijijini wiki baada ya wiki ni muuguzi, huyu tunayemwita nesi au sista, wa zahanati au kituo cha afya.

Wapo wanaomdharau. Husikika mtu akisema, "Sikumwona daktari, nilimkuta nesi tu." Neno hilo "tu" ni la kutojua. Wasweden walilipima jambo hili kwa hesabu. Mwaka 2003 mtafiti Anna Strömberg na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 106 waliotoka hospitali kwa ajili ya moyo kushindwa. Nusu waliendelea na matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walipangiwa kliniki ya wauguzi waliofunzwa, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kumfundisha mgonjwa na watu wa nyumbani kwake namna ya kujitunza, kumpima, na kurekebisha dawa kwa mwongozo uliowekwa. Baada ya miezi 12, katika kundi la matibabu ya kawaida walikufa 20. Katika kundi la wauguzi walikufa 7. Hapakuwa na dawa mpya.

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Uholanzi walifanya utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 1,023, uliochapishwa mwaka 2008, na kuongeza msaada wa wauguzi hapo hakukupunguza vifo wala kulazwa kwa kiasi cha kuthibitika. Lakini wagonjwa wa Uholanzi ambao hawakupewa nyongeza hiyo walikuwa tayari wanaonwa na daktari bingwa mara kwa mara. Kwetu hakuna kitu cha kuongezea. Kuna pengo la kuzibwa.

Mfano wa karibu zaidi nasi uko Rwanda, ng'ambo tu ya mto Kagera. Kuanzia mwaka 2006, Wizara ya Afya ya nchi hiyo ikishirikiana na shirika la Partners In Health ilifungua kliniki za magonjwa yasiyoambukiza katika hospitali za wilaya, mojawapo Rwinkwavu na nyingine Kirehe, na uendeshaji wake ukakabidhiwa wauguzi. Walifundishwa kutumia kwa njia nyepesi kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kutambua aina kuu za maradhi ya moyo, kuongeza na kupunguza dawa, na kumfundisha mgonjwa. Daktari alikuja kuwasimamia na kutazama kesi ngumu. Wilaya hizo ni za wakulima kama sisi. Mwaka 2022 nchi za Afrika katika Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa kueneza huduma za namna hiyo katika hospitali za wilaya. Na kwa wenyeji wa mwambao wetu wa ziwa hili si jambo geni kabisa kwamba uhai wa watu uwe mikononi mwa tabibu asiye na cheo kikubwa. Wazee wa Karema bado wanamtaja Adrian Atiman, Mwafrika aliyewahi kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa tiba Malta, kisha akawatibu watu wa Karema tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi kufariki kwake mwaka 1956. Alikuwa wa dini nyingine. Hilo halituzuii kulitaja jema lake.

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe anayoyatoa muuguzi, kwani mengi yanagusa ibada zetu moja kwa moja.

La kwanza ni mizani. Kabla miguu haijavimba kwa kuonekana, maji yameshaongezeka mwilini, na mizani huyaona mapema kuliko jicho. Mgonjwa hupimwa uzito kila siku na kuandika. Uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo si mafuta wala nyama. Mtu hanenepi hivyo kwa siku tatu, hata kama ni msimu wa mavuno. Ni maji, na ndiyo siku ya kwenda zahanati, hata kama anajisikia mzima. Muuguzi ataongeza dawa ya kutoa maji kwa siku chache, na safari ya Mpanda ya usiku wa manane kwa pikipiki, mgonjwa kafungwa kwa kanga kwenye mgongo wa dereva, inaweza kuepukwa.

Masharti ya kipimo ni haya: kiwe asubuhi, mtu ameshakwenda haja ndogo, hajala wala kunywa kitu, amevaa nguo nyepesi zilezile, na mizani iwe ileile juu ya sakafu ngumu, si juu ya mkeka wala mchanga. Tazama sasa hali ya mtu aliyekuja kuswali Alfajiri. Ameamka, amekwenda haja, ametawadha, hajaweka kitu kinywani, amevaa kanzu yake, na amesimama juu ya saruji ya baraza ya msikiti. Masharti yote yamekwisha kutimia kabla ya iqama. Hakuna kliniki yoyote itakayompata mgonjwa katika hali hiyo kila siku ya Mungu.

Asiye na mizani naye hakukosa njia. Abonyeze kwa kidole mbele ya mfupa wa mguu, ahesabu hadi tano, aachie. Shimo likibaki, maji yapo. Atazame alama ya kanda za ndala juu ya mguu wakati wa jioni. Ahesabu mito yake ya kulalia. Aliyekuwa akilala kwa mto mmoja na leo anataka miwili, moyo wake umekwisha kutoa taarifa.

Na ipo ishara moja ambayo sisi watu wa msikitini tunaiona mapema kuliko daktari. Mwenye moyo dhaifu hukosa pumzi anapoinama. Kwa hiyo utamwona mtu aliyezoea kurefusha rukuu sasa anainuka kabla ya imamu, au anatoka kwenye sijda akihema, au bila kusema neno amehamia nyuma ukutani, kisha wiki inayofuata anaomba kiti. Tumezoea kusema ni uzee. Huenda ni uzee. Lakini maamuma akibadilika hivyo ndani ya wiki mbili tatu, imamu amwulize kwa upole baada ya salamu, amwelekeze zahanati, na amkumbushe kuwa sheria imemruhusu kuswali ameketi, na akishindwa, kwa ubavu. Rukhsa hiyo ni ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe, alimpa Imran bin Husayn (R.A.) aliyekuwa mgonjwa. Wapo wazee wanaojitesa kwa kusimama kwa sababu ya haya mbele ya vijana.

La pili ni chumvi. Chumvi huyashika maji mwilini, na sisi tumezaliwa katika nchi ya chumvi. Chemchemi za Uvinza, upande wa Kigoma, zimechemshwa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na biashara yake ilipita huku kabla ya reli na kabla ya Mjerumani. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hicho ni cha vyakula vyote vya siku nzima. Akina mama wengi wakiambiwa hivyo hucheka, kwa kuwa kijiko hicho huishia kwenye mboga ya mchana peke yake. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi ndiye hatari kubwa. Akipatikana wa kubanika au dagaa waliokaushwa juani bila chumvi, hao ndio wa mgonjwa. Akikosekana mwingine, samaki wa chumvi alowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, achemshwe, na maji hayo nayo yamwagwe. Watu husahau kuwa magadi ya kulainishia maharage na mlenda ni ndugu wa chumvi, na yanamdhuru mgonjwa vilevile. Vidonge vya kuungia mchuzi pia vimejaa chumvi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na karanga ya kusaga haina neno.

Mimi naona kumpikia mgonjwa sufuria yake peke yake hakudumu. Siku ya tatu atanyoosha mkono kwenye bakuli la wanawe. Chumvi ipunguzwe kwa nyumba nzima, hasa kwa kuwa shinikizo la damu hufuata ukoo, na huyo mwana anayelalamika leo kuwa mboga haina ladha ndiye atakayepimwa presha baada ya miaka kumi. Waume nao waelewe: si haki kumlaumu mke kwa mboga baridi ambayo amepika kwa maagizo ya zahanati.

Kuhusu maji ya kunywa, baadhi ya wagonjwa huwekewa kiwango na muuguzi, wengine hapana. Kila mtu aulize chake. Nitaongeza jambo moja tu, kwa kuwa ni letu. Maji ya kombe nayo ni maji. Mgonjwa aliyewekewa kiwango akipewa dumu la kombe alimalize kwa siku mbili, kifua kitajaa, na lawama itarudi kwa aliyesoma. Kikombe kidogo kinatosha kwa mwenye yakini. Na msomaji yeyote wa ruqya anayemwambia mgonjwa aache vidonge ili kisomo kifanye kazi amesema lisilo na msingi katika dini.

Vidonge ndilo la tatu, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Mgonjwa akipata nafuu huacha, kama anavyoacha dawa ya malaria siku zikiisha. Dawa za moyo hazina siku ya kwisha. Nafuu aliyoipata ni kazi ya vidonge hivyo, na akiviacha nafuu nayo itaondoka. Nyingine zina usumbufu wake. Dawa za jamii ya kaptoprili na enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu, na mtu akakitibu kwa dawa za dukani miezi mitatu bila kumwambia muuguzi, ambaye angembadilishia. Na kuna adui anayeuzwa kila duka: diklofenaki na ibuprofeni, vidonge vya maumivu ya mgongo na magoti. Hivi huzuia maji na chumvi visitoke, huzipinga dawa za moyo, na huumiza figo. Mkulima aliyetoka kupalilia hununua viwili kwa bei ya andazi, na baada ya wiki anavimba asijue kwa nini. Mwenye moyo dhaifu atumie paracetamol, au aulize kwanza.

Dawa ya kutoa maji, furosemaidi, ina mtihani wake kwa watu wa swala. Humfanya mtu aende haja ndogo mara nyingi, na kwa sababu hiyo wanaume wengi hawainywi siku ya Ijumaa, wakichelea kutoka katikati ya hotuba. Ijumaa inapita bila dawa, Jumamosi kuna harusi, Jumapili kuna safari ya mnadani, na Jumatatu mtu hapumui. Muuguzi mwenye kuyajua maisha ya watu wake hulitatua hili kwa dakika moja. Kidonge hicho huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na nguvu yake huisha baada ya kama saa sita. Aliyekinywa saa kumi na mbili asubuhi, mara baada ya Alfajiri, saa sita mchana amekwisha kutulia, na hotuba ni saa saba. Anayenywa mara mbili kwa siku amwombe muuguzi ampangie saa ya kidonge cha pili kipite baada ya Ijumaa. Kukiacha kabisa hakuna haja.

Ramadhani ina mjadala mrefu, nami nitaufupisha. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia miezi mingi, anatembea bila kuhema na hana uvimbe, huenda akaweza kufunga, dawa zikahamishiwa baada ya futari na wakati wa daku. Lakini hilo liamuliwe na tabibu wiki kadhaa kabla ya mwandamo, si usiku wa kuamkia mfungo. Anayehema akitembea, aliyelazwa karibuni, au anayevimba, asifunge. Aya za 184 na 185 za Suratul-Baqarah zimemtaja mgonjwa waziwazi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, anayetarajia kupona atalipa siku zake baadaye, na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka atatoa fidia, kibaba kimoja cha chakula cha nchi kwa maskini kwa kila siku moja. Hapo amemaliza, hana deni. Wanawe wasimtazame kwa jicho la pembeni anapokunywa maji ya dawa mchana.

Ukurasa huu ni wa familia, basi akina mama wasinipite. Yako maradhi ya moyo yanayompata mwanamke aliyekuwa mzima kabisa, katika mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Msuli wa moyo hulegea. Kwa kuwa mwenye mimba na mzazi huvimba miguu kwa kawaida na huchoka kwa kawaida, watu husema ni uzazi. Mzazi asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi, anayekohoa usiku, ambaye uvimbe wake unaongezeka wiki baada ya wiki badala ya kupungua, huyo si wa kupewa supu ya pilipili na kuachwa. Apelekwe. Wengi wao moyo hurudi katika hali njema wakiwahiwa. Katika nchi ya Wahausa, kaskazini mwa Nigeria, madaktari wa Zaria waliwaona wazazi wengi sana wa aina hii tangu miaka ya 1960 na 1970, na wakatilia shaka desturi ya huko ya kumnywesha mzazi uji wenye magadi mengi kwa siku arobaini pamoja na kumkandia maji ya moto sana. Wataalamu bado wanabishana kama desturi hiyo ndiyo chanzo au ni nyongeza tu ya ubaya, lakini hakuna aliyesema magadi yanamsaidia. Na mwanamke yeyote anayetumia dawa za moyo amwambie muuguzi mapema akitaka kushika mimba, kwani baadhi ya dawa hizo, zile za jamii ya kaptoprili zikiwemo, humdhuru mtoto tumboni. Asiziache kimyakimya, zitabadilishwa.

Nije kwenye fedha. Kazi yangu katika kamati ya msikiti ni kuandika, kwa hiyo madaftari ya michango yapo kwangu. Tunachangia sanda. Tunachangia mbao na usafiri wa jeneza. Tunachangia gari la kumkimbiza mgonjwa Mpanda akiwa ameshazidiwa, na mchango huo hukusanywa kwa saa moja, watu wakitoa hata fedha ya mbegu. Lakini sijapata kuandika mchango wa kumnunulia mtu vidonge vya mwezi ujao wakati bado anatembea, na ndani ya mwezi huo ndimo gari la usiku linamotengenezwa. Mgonjwa aliyeishiwa dawa wiki ya tatu hana wa kumwambia, kwa sababu haonekani mgonjwa, na kuomba ukiwa umesimama ni aibu. Masikini aliye mgonjwa yumo katika wanaostahiki zaka kwa umasikini wake. Haihitaji fatwa mpya kumlipia dawa, wala kumlipia mchango wa bima ya afya.

Pendekezo tulilolipeleka mbele ya kamati ni dogo. Mizani moja ya kupimia watu iwekwe barazani, pembeni pa mahali pa viatu. Kila mgonjwa wa moyo awe na daftari lake mwenyewe, tarehe na uzito, alishike yeye mkononi, si imamu wala katibu, maana maradhi ya mtu ni siri yake na mahali petu maneno hayakai. Kijana mmoja wa madrasa amsaidie asiyejua kusoma tarakimu. Kilo mbili zikipanda, kijana huyo amsindikize zahanati asubuhi hiyohiyo, na daftari liwe ndilo barua yao kwa muuguzi. Muuguzi naye aombwe kuja mara moja kwa mwezi, baada ya swala ya Ijumaa, awaone wagonjwa na wapishi wao pamoja.

Ilihojiwa kama ni heshima kuweka mizani msikitini, kana kwamba tumefungua duka. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la sira. Baada ya vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Saad bin Muadh (R.A.) alikuwa amejeruhiwa kwa mshale. Mtume (S.A.W.) akaamuru awekwe katika hema ndani ya msikiti wa Madina ili awe karibu na kumzuru. Waandishi wa sira wametaja kuwa hema lilikuwa la Rufaida, mwanamke wa Kiaslam aliyekuwa akiwauguza majeruhi na wasio na wa kuwauguza. Muuguzi aliwahi kufanya kazi yake ndani ya msikiti wa Mtume. Mizani yetu haitafika hata kizingitini.

Lililobaki bila ufumbuzi ni wanawake. Wengi wao huswali Alfajiri nyumbani, na mizani ya barazani haitawafikia, nao ndio zaidi ya nusu ya wagonjwa kwa hesabu ya Muhimbili. Kumwagiza mama anayehema atembee hadi msikitini alfajiri kwa ajili ya kupimwa ni kumwongezea maradhi. Akina mama wa darasa la Jumamosi wameomba mizani ya pili ikae kwa mmoja wao, nyumba yenye sakafu ya saruji, na izungushwe na binti kwa wale wasioweza kutoka. Fedha ya mizani ya kwanza ipo. Ya pili inatafutwa, na daftari la mchango wake liko wazi kila siku baada ya Alasiri.